Kupasua kiinitete cha ng'ombe kupata pacha wa yai moja: mwongozo kwa wataalamu wa mifugo wa Malindi na Lamu

Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba kiinitete kimoja cha ng'ombe kinaweza kukatwa vipande viwili, na kila kipande kikakua kuwa ndama kamili, hudhani kwamba ugumu wote umo katika ule ukataji. Sivyo. Ukataji wenyewe, kwa mkono uliozoea, hauzidi dakika mbili. Kinachoamua kama utapata ndama au utapata hasara ni zile siku 12 zinazoutangulia, pamoja na hali ya ng'ombe wawili wanaosubiri zizini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari wa mifugo ambao tayari wanajua kuhimilisha na wamewahi kuhamisha kiinitete kizima. Mfugaji anaweza kuusoma pia, ili ajue analipia nini. Nchini Kenya kazi hii ifanywe na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, au chini ya usimamizi wake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kupasua kiinitete si jambo lile lililomzaa kondoo Dolly tarehe 5 Julai 1996 katika taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh. Dolly alitokana na kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mzima, kilichoingizwa ndani ya yai lililokwisha kutolewa kiini chake. Hapa kwetu Kenya, Tumaini, fahali wa aina ya Boran aliyezaliwa katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, naye alitokana na kuhamisha kiini cha seli. Kwa njia hiyo unanakili mnyama unayemjua. Kwa kupasua, unanakili ndama ambaye bado hajaonekana na mtu yeyote. Mfugaji anayekuja na ng'ombe wake wa lita 20 akitaraji kupata ng'ombe huyo huyo mara mbili, aambiwe mapema kwamba atakachopata ni watoto wawili wa ng'ombe huyo, wanaofanana wao kwa wao katika urithi, na huenda wasimfikie mama yao.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwanabiolojia Mjerumani Hans Spemann aliwahi kugawa viinitete vya salamanda kwa kitanzi cha unywele wa mtoto mchanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1979, mtafiti Steen Willadsen, akiwa Cambridge, Uingereza, alitangaza wanakondoo pacha aliowapata kwa kutenganisha seli za viinitete vichanga mno, ambavyo ilimbidi avifunike kwa agari, ute mzito unaotokana na mwani, kwa sababu ganda lao lilikwisha kutobolewa. Miaka ya 1980 ilipofika, watafiti waligundua kwamba kiinitete cha ng'ombe cha siku ya 6 au ya 7 hakihitaji ulinzi huo: kinaweza kukatwa kwa wembe na kurudishwa tumboni kikiwa uchi. Ugunduzi huo ndio uliotoa kazi hii katika maabara kubwa na kuileta hadi kwenye meza ndogo iliyo kando ya zizi.

Je, ipo haja ya kupasua?

Swali hili liulizwe kabla ya kufungua sanduku la vifaa. Kiinitete kizima kilicho bora, kikiwekwa na mtu anayejua kazi, hushika mimba mara 60 hadi 70 kati ya 100. Nusu ya kiinitete hushika karibu mara 50. Kwa hiyo viinitete 100 vikiwekwa vizima vitakupa mimba kama 65, lakini vikipasuliwa vitakupa nusu 200 na mimba zinazokaribia 100. Faida ni ya kweli, ila angalia imetoka wapi: imetoka katika ng'ombe 100 wa ziada walioandaliwa kubeba. Ikiwa una viinitete sita na wabebaji sita, weka vizima, kwa kuwa ukipasua vitatu na kuwapa wabebaji sita nusu sita, umepunguza uwezekano wa kila ng'ombe kushika na viinitete vitatu vimebaki mkononi. Mimi hupasua pale tu viinitete vinapokuwa vichache na wabebaji ni wengi, au pale mtafiti anapohitaji pacha wa yai moja ili alinganishe malisho au chanjo, mmoja akipewa na mwenzake akinyimwa. Kwa kazi hiyo ya pili jozi chache za pacha huweza kufanya kazi ya kundi kubwa la ng'ombe wa kawaida, kwa maana tofauti za urithi zimeondoka.

Kupasua vipande vinne nako huulizwa sana. Tumbili wa aina ya rhesus aitwaye Tetra, aliyetangazwa Oregon mwaka 2000, alitokana na kiinitete cha seli nane kilichogawanywa vipande vinne. Kati ya robo zile, yeye peke yake ndiye aliyezaliwa. Kila unapogawa, seli hupungua, na kiinitete kina saa yake: hufikia hatua ya kujenga kondo siku ile ile, kiwe na seli za kutosha au kisiwe nazo. Baki kwenye nusu mbili.

Musimu na maandalizi

Katika pwani hii, adui wa kwanza wa kiinitete ni hari. Siku chache za mwanzo baada ya kutungwa, kiinitete huharibika upesi mwili wa mama ukipata joto kupita kiasi. Kwa hiyo sipangi kazi hii wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, wakati hata kivuli cha mwembe hakimsaidii ng'ombe wa Friesian. Miezi ya kusi, Julai hadi Septemba, ndiyo mizuri: upepo umepoa, na majani yaliyoota kwa mvua za masika bado yapo. Boran na Sahiwal huvumilia zaidi, lakini wao pia hutoa viinitete vizuri zaidi katika miezi hiyo. Upande wa Lamu, hasa Witu na mashamba yaliyo karibu na msitu, damu ya kila ng'ombe ipimwe nagana kabla ya sindano ya kwanza, kwa maana ng'ombe aliyeumwa na mbung'o anaweza kuonekana mzima na bado asishike mimba.

Mtoaji, yaani ng'ombe atakayetoa viinitete, awe amezaa zaidi ya miezi miwili iliyopita, awe na mizunguko inayoeleweka, na asiwe amekonda wala kunenepa kupita kiasi. Kati ya siku ya 8 na ya 12 baada ya kuwa joto, mwanzishie homoni ya FSH, inayokomaza mayai mengi kwa pamoja, asubuhi na jioni kwa siku nne, dozi zikipungua kila siku. Siku ya tatu mpe prostaglandini, homoni ya kumrudisha kwenye joto. Kwa kawaida atakuwa joto baada ya saa 48 hivi, na ahimilishwe mara mbili, saa 12 na saa 24 tangu aliposimama kupandwa na wenzake. Wabebaji wapewe prostaglandini yao siku moja kabla ya mtoaji, kwa sababu mtoaji aliyechomwa FSH hutangulia kuwa joto. Ukiwachoma siku moja wote, wabebaji watachelewa, na tofauti ya zaidi ya saa 24 kati ya mtoaji na mbebaji haisameheki, hasa kwa nusu ambayo tayari imechelewa kwa uchache wa seli. Mtu wa kuangalia dalili za joto awe mwaminifu na awe anaamka alfajiri. Kijana wa zizi anayeandika saa kwa kukisia atakuharibia kazi ya wiki mbili.

Kusuuza na kuchagua

Siku ya 7 tangu joto, mtoaji afungwe kwenye kizuizi chenye kivuli, achomwe dawa ya ganzi, lidokaini ya asilimia 2, mililita 5 hivi, kwenye shina la mkia, kisha aoshwe na kukaushwa. Katheta, yaani mrija mwembamba, yenye puto hupitishwa kwenye mlango wa mji wa mimba hadi ndani ya pembe moja, puto likajazwa, na maji ya kusuuzia yakaingizwa na kutolewa kidogo kidogo kupitia chujio lenye matundu ya mikromita 75. Rudia pembe ya pili. Matokeo hayatabiriki: ng'ombe mmoja atakupa viinitete kumi na mwenzake asitoe hata kimoja, ingawa wamekula majani mamoja na kupewa dozi moja. Mfugaji aambiwe hivyo mapema, kabla hujapokea pesa.

Chini ya hadubini ya kukuza mara 10 hadi 15, tafuta chujioni. Kiinitete chenye ganda lake kina upana wa mikromita 150 hivi, yaani kidogo kuliko chembe ya chumvi ya mezani, na jicho likishazoea hukiona kwa ule mviringo wake usiokosea. Ongeza ukuzaji hadi mara 50 au zaidi, ukigeuze kwa pipeti, ukitazame kila upande. Cha kupasuliwa kiwe cha daraja la kwanza: seli zilizoshikamana, rangi moja, mzingo usio na makovu, na angalau asilimia 85 ya tungamo lake iwe hai. Hatua ziwe kati ya morula iliyokaza, yaani tufe la seli zilizoshikamana, na blastosisti, ambayo imekwisha kupata uwazi wenye maji ndani. Kiinitete cha daraja la pili nitakipasua kwa shingo upande. Cha daraja la tatu huwekwa kizima au hutupwa. Kuna wanaosema kwamba kiinitete dhaifu kipasuliwe ili angalau nusu moja iokoke. Hesabu hiyo sijawahi kuiona ikitimia.

Hatua inayosahaulika ni kuosha kabla ya kukata. Ganda zima ndilo linalokizuia kirusi au bakteria kuingia, na kanuni za kimataifa za usafi wa viinitete zimejengwa juu ya ganda hilo lisilotobolewa. Ukishakata, hakuna tena kuosha kunakoaminika. Kwa hiyo pitisha viinitete, visizidi kumi kwa kundi, katika visahani kumi vya maji safi, kila mara kwa pipeti mpya, na maji ya kila kisahani yawe angalau mara 100 ya yale unayohamisha navyo.

Meza na wembe

Chumba kisiwe na upepo. Katika mwaka wangu wa kwanza niliacha feni ya dari ikizunguka kwa sababu jasho lilikuwa likinidondokea machoni, na nilipoinua kichwa baada ya kutafuta wembe, tone lililobeba kiinitete lilikuwa limekauka nusu, na kiinitete chenyewe kimenyauka kama zabibu. Feni izimwe, dirisha lifungwe, na kitambaa kifungwe kwenye paji la uso. Umeme wetu unajulikana: hadubini iwe na taa inayotumia betri, na betri ichajiwe usiku wa kuamkia. Nyembe zitunzwe katika kopo lililofungwa pamoja na dawa ya kunyonya unyevu, maana hewa ya bahari hula chuma, na kutu isiyoonekana kwa macho inaonekana vizuri sana inapochana seli badala ya kuzikata.

Wenye uwezo hutumia kifaa maalumu cha kushika wembe, kinachosogezwa kwa parafujo nyembamba juu ya hadubini ya kukuza mara 100 au zaidi. Kwa mkono mtupu pia inawezekana, kwa kipande cha wembe mwembamba kilichobandikwa kwenye kijiti, mradi viwiko vyote viwili vimelala mezani na umemeza chai yako ya asubuhi mapema vya kutosha kwamba mkono hautetemeki.

Andaa kisahani cha plastiki na ukwangue mistari michache chini yake kwa ncha ya sindano. Weka tone la maji ya chumvi yenye bafa yasiyo na protini, yaliyotiwa sukrosi ya molari 0.2, yaani gramu 68.5 kwa lita moja. Vitu hivyo viwili vina kazi yake. Kukosekana kwa protini hukifanya kiinitete kinate chini ya plastiki badala ya kuteleza. Sukrosi huvuta maji kutoka katika seli, tungamo likajikunja na kuachana kidogo na ganda, hivyo wembe hukuta kitu kilichokaza. Hamisha kiinitete kimoja tu kwa wakati, na kidogo iwezekanavyo cha maji yake ya zamani, ambayo yana protini.

Sasa tazama. Morula inaweza kukatwa upande wowote, kwa sababu seli zake bado hazijagawana kazi kwa namna isiyorekebishika. Blastosisti ina mpango: upande mmoja kuna rundo jeusi la seli zitakazokuwa ndama, na sehemu iliyobaki ni ukuta mwembamba utakaokuwa kondo. Kigeuze polepole kwa ncha ya pipeti hadi rundo lile lilale mahali ambapo wembe utalipasua katikati, kila nusu ikachukua sehemu yake ya rundo na sehemu yake ya ukuta. Nusu isiyo na rundo haitazaa kitu, hata ikionekana nzuri namna gani.

Shusha wembe wima. Ganda litabonyea kwanza, kiinitete kizima kikawa bapa kama chapati chini ya makali, na hapo wanagenzi wengi huogopa na kuinua mkono. Usiinue. Endelea kubonyeza kwa uzito ule ule hadi ganda liachie, jambo ambalo utalihisi kwenye kidole kabla hujaliona kwa jicho, kisha wembe uguse plastiki na usogezwe mbele na nyuma kidogo tu ili kukata nyuzi zilizobaki. Seli chache zitakufa katika mstari wa mkato. Hizo ni gharama ya kazi. Kisha ongeza taratibu kwenye tone maji yenye seramu au albumini, na nusu mbili zitajibandua zenyewe. Ukizikwangua kwa nguvu zitachanika.

Zihamishie katika maji mapya yenye protini, zikae nusu saa hadi saa moja. Mwanzoni hufanana na matambara. Baadaye kingo hujikusanya, seli zikakamatana upya, na nusu iliyo hai ikaanza kuwa duara dogo lililokaza. Hapo ndipo pa kuamua: nusu isiyojikusanya baada ya saa moja haifai kupewa mbebaji. Kurudisha nusu ndani ya ganda tupu si lazima kwa umri huu, nami niliacha zamani, kwa kuwa kazi hiyo huongeza dakika na haiongezi mimba ya kuonekana. Kuzigandisha nusu hizi pia sikushauri. Huhimili vibaya kuliko viinitete vizima, na ni bora ziwekwe siku ile ile.

Kuweka

Mbebaji apimwe kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa ili ijulikane ni ovari ipi iliyobakiwa na uvimbe wa njano baada ya yai kutoka. Nusu huwekwa katika pembe ya upande huo huo, kwa mrija wa mililita 0.25, kwa upole, maana kuukwaruza ukuta wa mji wa mimba ni kuupoteza mzunguko mzima.

Je, nusu mbili ziwekwe katika ng'ombe mmoja au wawili? Ukiziweka kwa mmoja, uwezekano wa yeye kubeba angalau ndama mmoja huongezeka, na hakuna hofu ya ndama jike kuwa tasa kwa kuchangia damu na pacha dume, kwa sababu pacha wa yai moja ni wa jinsia moja. Lakini mimba ya pacha kwa ng'ombe huleta zalio kubaki, uzazi mgumu na mama kudhoofika, na katika vijiji vyetu, ambako daktari huitwa usiku na kufika asubuhi, mimi huwapa ng'ombe wawili, nusu moja kila mmoja. Wanaofuga punda kule Lamu huniuliza mara kwa mara kama kazi hii inawafaa. Kwa punda, kama ilivyo kwa farasi, mimba ya pacha kwa kawaida huishia katika kuharibika, kwa hiyo nusu mbili katika punda mmoja ni mwiko. Mbuzi nao huhitaji kupasuliwa ubavu au kutobolewa tumbo ili viinitete vitolewe, na hilo linadai mwongozo wake.

Mimba ipimwe kwa altrasaundi siku ya 30, au kwa mkono baada ya siku 60. Ndama huzaliwa baada ya siku 283 hivi, wakiwa na uzito wa kawaida, kwa sababu upungufu wa seli hufidiwa mapema tumboni.

Kuthibitisha pacha

Mzee mmoja wa Kakuyuni aliitazama jozi yake ya kwanza, mitamba wawili wa Friesian, akanigeukia: "Mwanangu, hawa pacha gani? Huyu ana doa la paji la uso, yule hana." Alikuwa na haki ya kuuliza. Seli za rangi husafiri katika ngozi ya kijusi kwa njia isiyopangwa yote na urithi, hivyo pacha wa yai moja hulingana kwa kiasi cha weusi na weupe lakini mipaka ya madoa hutofautiana. Kwa hiyo usitumie madoa kama ushahidi, wala usiyatumie kukanusha. Kila ndama avishwe hereni ya sikio saa ile ile anapozaliwa, yenye namba ya kiinitete na herufi A au B, na sampuli ya vinasaba ichukuliwe. Ikiwa walibebwa na mama mmoja, usichukue damu, kwa sababu pacha wa tumbo moja hubadilishana seli za damu na majibu yanaweza kuwaonyesha hata pacha wa mayai mawili kama wamefanana. Ng'oa nywele za mkia pamoja na mizizi yake, kama 30 kwa kila ndama, uzitie katika bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu, na kwa hewa ya hapa mizizi itaota ukungu kabla basi la usiku halijafika Nairobi.